Mteja wa Fundo hataki kesi, anataka mkataba

WETE, Pemba. Mwani una bei yake, pweza ana bei yake, na bei ya karafuu hutangazwa kabla mkulima hajapanda mkarafuu. Bidhaa moja inayotumika kila siku katika biashara za Pemba haina bei inayojulikana, nayo ni ushauri wa mwanasheria. Mfanyabiashara anayeshuka bandarini Wete kutoka Fundo anaweza kuulizia bei ya kamba, ya petroli, ya mchele na ya gari la kwenda Chake Chake, na akajibiwa papo hapo. Akiulizia gharama ya kuandikiwa mkataba wa ukurasa mmoja, mara nyingi jibu ni kwamba aje wazungumze.

Bidhaa isiyo na bei haiuziki sokoni, na ndivyo ilivyo kwa huduma ya sheria katika visiwa vidogo. Wateja wapo, mahitaji yapo na fedha kidogo zipo, lakini muuzaji bado anauza kitu ambacho mnunuzi hakuja kukitafuta. Wakili amezoea kuuza kesi. Mteja wa leo anataka karatasi itakayomwepusha na kesi.

Fundo ni kisiwa kirefu chembamba, chenye ardhi ya mawe, kilichokaa magharibi ya mji wa Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Usafiri wake ni wa bahari, na watu wake wengi wanaishi kwa uvuvi na kilimo cha mwani. Kwa macho ya ofisi ya mjini, kisiwa cha namna hiyo hakina soko la sheria kwa kuwa hakina makampuni wala majumba ya kuwekwa rehani. Hata hivyo, kila mzigo wa kamba unaoshushwa pwani kwa mkopo ni mkataba. Kila mashua inayomilikiwa na watu wanne ni ubia, na kila mchuuzi anayetoa fedha za mafuta kwa nahodha ili apewe samaki wa kwanza amekopesha kwa dhamana. Biashara yote ya Fundo imesimama juu ya sheria, ila haijaandikwa.

Karafuu na mwani

Ili kuelewa mahitaji ya mteja yamebadilika vipi, inafaa kulinganisha mazao mawili. Karafuu ina mnunuzi mmoja kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na Sheria ya Karafuu ya mwaka 2014 iliuendeleza utaratibu huo. Mkulima hupeleka karafuu zake kituoni, zikaangaliwa daraja na kupimwa uzito, naye akalipwa bei iliyotangazwa. Pasipo majadiliano wakili hana kazi. Kwa vizazi vingi Pemba imekuwa kisiwa cha karafuu, na ndiyo sababu mkulima wake alimjua mwanasheria kama mtu wa kesi za mashamba na za jinai tu.

Mwani ni habari nyingine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kikaenea hadi Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wakulima wake ni zaidi ya 20,000 na wengi wao ni akina mama. Wanunuzi wakubwa wamekuwa makampuni binafsi, yanayopeleka mwani mkavu nchi za nje unakotolewa karajinani, ute unaotumika katika vyakula, dawa za meno na vipodozi. Serikali nayo imeingia kwa kuunda kampuni ya mwani na kuchagua Chamanangwe, hapa hapa Pemba, kuwa mahali pa kiwanda.

Utaratibu wa miaka mingi ni kwamba kampuni humpa mkulima kamba na taitai. Mkulima hupanda, huvuna baada ya wiki sita hivi, hukausha, kisha humuuzia yule yule aliyempa vifaa. Watu huuita utaratibu huo msaada, wakati ni mkataba wenye sehemu tatu: mkopo wa vifaa, ahadi ya kuuza kwa mnunuzi mmoja, na bei ambayo haikutajwa siku ya kukubaliana.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni na kufuata kwa kiasi kikubwa sheria ya India ya mwaka 1872. Chini ya sheria hiyo neno la mdomo linafunga. Kinachosumbua ni kuthibitisha kilichosemwa. Upepo wa kusi ukikata kamba, hasara ni ya nani? Mwani ukipata ugonjwa ukapauka na kukatika, je, deni la vifaa linabaki? Mizani ni ya nani, na nani aliyeikagua? Unyevu unapimwa kwa chombo au kwa kiganja cha mpimaji? Mkulima akishamaliza kulipa kamba, yuko huru kumuuzia mwingine? Bei ni ile ya siku ya kupanda au ya siku ya kupima? Katika wiki sita bei ya dunia inaweza kuporomoka, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, anayebeba hasara ni yule asiye na ghala.

Chukua mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Mkulima analeta kilo 150 za mwani mkavu kwa bei ya Sh. 1,000 kwa kilo. Mpimaji anakata asilimia 8 kwa madai kwamba mwani haujakauka vizuri. Mkulima anapoteza Sh. 12,000. Hakuna wakili atakayefungua faili kwa Sh. 12,000, wala hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayelipa nauli ya boti na gari mara tatu kuidai mahakamani. Kesi hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa.

Sasa hesabu hiyo hiyo ifanywe kwa wakulima 200 wanaovuna mara sita kwa mwaka. Makato yanafika Sh. 14,400,000. Mistari mitatu katika mkataba, inayosema mizani itakuwa imekaguliwa, unyevu utapimwa kwa kifaa mbele ya mwakilishi wa wakulima, na makato yasizidi kiwango kilichoandikwa, ingezuia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Wakulima hao wakichanga Sh. 5,000 kila mmoja, inapatikana Sh. 1,000,000 kwa kazi ya siku chache. Wakili hajawahi kuiona fedha hiyo kwa sababu amekuwa akimsubiri mkulima mmoja mmoja, tena baada ya ugomvi.

Makampuni ya ununuzi nayo yana malalamiko ya haki. Wapo wakulima wanaochukua kamba za kampuni moja na kuuza mwani usiku kwa wakala wa kampuni nyingine anayeongeza shilingi chache. Kampuni iliyotoa vifaa hufidia hasara yake kwa kushusha bei kwa wote, na mkulima mwaminifu ndiye anayelipa. Mnunuzi anayetaka mzigo wa uhakika ana sababu nzuri ya kuchangia gharama ya mkataba unaoeleweka. Kwa hiyo pande zote mbili ni soko, ingawa wakili mmoja hawezi kuzitumikia zote mbili kwa wakati mmoja.

Chombo na mirathi

Eneo la pili lenye kazi ni ubia wa vyombo vya baharini. Kwa desturi ya pwani, mapato ya safari hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha yanayobaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu na la mabaharia. Desturi hiyo ilitosha zama za ngalawa na tanga. Imeanza kuelemewa tangu zilipokuja mashine na boti za faiba. Kuanzia mwaka 2022 Serikali ya Zanzibar, katika mpango wake wa uchumi wa buluu, iligawa mamia ya boti kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani, zikiambatana na marejesho ya mkopo. Kikundi kikipokea boti, kimepokea mali ya pamoja na deni la pamoja kwa siku moja.

Swali ambalo katiba za vikundi vingi hazilijibu ni hili: mwanachama akifariki, fungu lake linakwenda wapi? Kwa Waislamu wa Pemba jibu la kwanza ni mirathi, na mirathi iko mikononi mwa Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Warithi wana haki ya kudai chao, na wakidai mapema lazima mashine iuzwe na boti lilale. Hapa hati ya ubia inaweza kuweka kwamba wanachama waliobaki wana haki ya kwanza ya kununua fungu la marehemu, kwa bei itakayokadiriwa na watu wawili wenye ujuzi, na kwa malipo ya awamu. Hati hiyo isijaribu kufanya kazi ya wosia. Wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali, na haumpi mrithi ziada bila ridhaa ya wenzake. Mwanasheria atakayeandika ubia wa boti Fundo bila kujua mirathi ataandika karatasi ambayo Kadhi ataiweka pembeni, na anayejua mirathi peke yake hatajua la kufanya na mkopo wa benki. Mteja anataka mtu mmoja anayejua yote mawili, na watu wa namna hiyo ni adimu.

Kwa pweza mambo yako mbele kidogo. Fundo ni miongoni mwa jumuiya za Pemba ambazo, kwa msaada wa mtandao wa Mwambao, zimejaribu kufunga sehemu za miamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kuzifungua kwa siku iliyotangazwa. Bahari ya magharibi ya Pemba iko ndani ya Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, lililotangazwa mwaka 2005, na Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010 ndiyo msingi wa kamati za wavuvi. Kwa mfanyabiashara, siku ya kufungua ni siku ya mzigo mkubwa na bei ya ushindani, na anayekubaliana mapema na kamati hujua barafu kiasi gani aende nayo. Lakini ufungaji usio na sheria ndogo zilizopitishwa ipasavyo ni ombi tu. Mvuvi wa kijiji cha jirani akiingia usiku na kuchukua pweza, kamati itamkaripia, haitamshitaki. Kuandika sheria ndogo hizo na kuzifuatilia hadi ziidhinishwe ni kazi ya mwanasheria, na katika sehemu nyingi imeachiwa wafadhili.

Wawekezaji wanakuja

Tangu mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar, kupitia Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji (ZIPA), imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wa hoteli za hali ya juu. Fundo ni kisiwa chenye watu wake, lakini kiko katika bahari hiyo hiyo inayotazamwa na wawekezaji. Yaliyotokea pwani ya mashariki ya Unguja yanajulikana: hoteli inataka ufukwe mweupe usio na kamba, mkulima wa mwani anataka mahali pa kuanikia na njia ya kupita.

Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya matumizi. Asiye Mzanzibari huingia kwa ukodishaji unaotolewa na Serikali. Uhaulishaji wa haki hizo una bodi yake, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1994. Vile vile miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, jambo linalowashangaza wageni wengi, pamoja na wafanyabiashara kutoka Bara. Anayenunua shamba la minazi kwa kushikana mikono mbele ya sheha anaweza kugundua baadaye kwamba amenunua minazi tu. Sheha ni shahidi mzuri na msuluhishi mzuri, lakini saini yake peke yake haihaulishi ardhi.

Kwa nini mawakili ni wachache

Uhaba wa huduma una historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mfumo wa mahakama Zanzibar ulibadilishwa, na kwa sheria ya mwaka 1969 zikaanzishwa Mahakama za Wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kwa muda wa miaka 15 hivi kazi ya uwakili ilikuwa kama imefungwa. Mfumo wa kawaida ulirejea mwaka 1985, wakati ule ule ambapo masharti ya biashara yalikuwa yanalegezwa na sheria ya kwanza ya kulinda uwekezaji ikitungwa mwaka 1986. Mwani ukaja 1989 na sheria mpya ya ardhi 1992. Kazi ya sheria ilizaliwa upya pamoja na soko huria, lakini mapacha hao hawakulelewa nyumba moja. Mawakili wapya walijifunza kazi mahakamani, na wengi wao wakabaki Unguja mjini zilipo ofisi za Serikali, benki na hoteli.

Wala si rahisi kuagiza huduma kutoka Dar es Salaam. Zanzibar ina mahakama zake na orodha yake ya mawakili. Wakili wa Bara hawezi kusimama katika Mahakama Kuu ya Zanzibar mpaka aorodheshwe huko. Soko ni dogo, na kila anayefaulu huvutwa na kesi kubwa. Ada nazo zinamvuta huko. Kanuni za malipo ya mawakili za Bara za mwaka 2015, kwa mfano, hupanga ada nyingi kwa kufuata thamani ya shauri au mali. Kwa hesabu hiyo mkataba wa kamba hauna thamani, hata kama unalinda maisha ya kaya 200.

Nafasi iliyoachwa wazi haikubaki wazi. Imejazwa na steshenari. Katika miji ya Pemba, kama ilivyo kila mji wa Afrika Mashariki, kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha huandika mkataba kwa bei inayojulikana, kwa dakika 20, kwa Kiswahili. Kwa ubora wa huduma hana mpinzani. Udhaifu wake ni bidhaa yenyewe, kwa sababu nakala nyingi zinazozunguka katika simu na kompyuta zimeandikwa kwa ajili ya Bara. Utakuta mkataba wa kiwanja cha Pemba unataja Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo haihusu Zanzibar, na kuacha nafasi ya saini ya mwenyekiti wa serikali ya kijiji, cheo ambacho Zanzibar hakipo. Mteja huondoka na karatasi safi yenye muhuri, akaiweka sandukuni kwa amani hadi siku atakapoihitaji.

Wasaidizi wa sheria ni kundi jingine. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye ofisi Chake Chake, kimewafundisha kwa miaka mingi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imewapa utambuzi. Wanafahamika vijijini na wanasikilizwa. Lakini msaada wa sheria ni wa bure kwa maana yake, na umekusudiwa wasio na uwezo. Mchuuzi mwenye majokofu matatu si maskini wa kuhudumiwa bure, wala si tajiri wa kulipa ada ya Unguja. Watu wa kati namna hiyo ndio wengi katika biashara, na hawana wa kuwahudumia.

Wengine walivyofanya

Nchi nyingine zimeukabili ugonjwa huu kwa dawa tofauti. Kenya ilitunga sheria ya mahakama za madai madogo mwaka 2016, na mahakama hizo zilianza kazi 2021 kwa madai yasiyozidi Sh. 1,000,000 za Kenya, zikitakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Mawakili waliodhani watapoteza mkate waligundua kwamba mteja anayejisimamia bado anahitaji mtu wa kumpangia vielelezo kabla ya siku ya shauri.

Kenya ilitoa somo jingine linalowagusa Wapemba moja kwa moja. Familia zenye asili ya Pemba zilizohamia pwani ya Kenya kwa uvuvi ziliishi miongo mingi bila vitambulisho, hivyo bila leseni ya uvuvi na bila akaunti. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa jamii ya nchi hiyo. Kazi iliyofikisha hapo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya kukusanya ushahidi wa kuzaliwa na wa makazi, familia kwa familia, na kuandika maombi. Hotuba za mahakamani hazikuwa na nafasi kubwa.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Huduma za Kisheria ya mwaka 2007 iliruhusu watu wasio wanasheria kumiliki makampuni ya sheria, na ushirika wa maduka wa Co-operative ukapata leseni mwaka 2012. Wengi walibashiri kwamba mawakili wa mitaani watakufa. Hawakufa, lakini iliwabidi watangaze bei. Tangu Desemba 2018 ofisi za mawakili wa huko zinazosimamiwa na mamlaka ya SRA zinatakiwa kuonyesha wazi ada za baadhi ya kazi za kawaida, kama uhamisho wa nyumba na usimamizi wa mirathi. Kwa Pemba, hilo la bei ndilo linaloigika kirahisi kuliko yote. Kuruhusu maduka kumiliki ofisi za sheria kunaweza kusubiri.

Bidhaa inayotakiwa

Ofisi ya sheria itakayotaka kuuza Fundo itabidi ibadilishe mambo manne kwa pamoja. Iuze kwa kikundi badala ya mtu mmoja. Itaje bei ya kazi nzima kabla ya kuanza. Iandike kwa Kiswahili anachokitumia mteja, maana mkataba wa Kiingereza kwa mkulima wa mwani ni sawa na kutokuwa na mkataba. Bara imeshakifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, hivyo kisingizio kwamba sheria haisemeki kwa Kiswahili kimekwisha. Na ofisi ivuke bahari, japo mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana, iliyopangwa kwa kufuata maji, kwa sababu wakati wa maji kupwa akina mama wako katika mwani na hakuna atakayekaa kumsikiliza mgeni.

Gharama ya kuvuka haitoki kwa mteja mmoja. Wakili akiungana na msaidizi wa sheria wa shehia, yule akikusanya majina, nakala na maswali kabla, safari moja inaweza kubeba mkataba wa mwani, ubia wa boti mbili na barua ya madai. Simu nayo imepunguza umbali: Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya mwaka 2016 inaupa nafasi ushahidi wa kielektroniki, na ujumbe wa malipo ya simu, ukitunzwa, hueleza nani alilipa, kiasi gani na siku gani, kuliko mashahidi wawili wanaokumbuka tofauti.

Vikwazo navyo vipo. Maadili ya kazi hayamruhusu wakili kujinadi sokoni kama muuza sabuni, na baadhi ya mawakili wanaogopa kwamba hata kubandika bei mlangoni ni kujinadi. Chama cha Wanasheria Zanzibar kinaweza kuliondoa wingu hilo kwa mwongozo mfupi. Hofu nyingine ni kwamba ada ndogo itashusha hadhi ya kazi. Hofu hiyo ni nzito zaidi mjini kuliko inavyostahili. Wachuuzi wa samaki walioanza na tenga moja wanajua kwamba faida ndogo ikizunguka mara nyingi hulipa kodi ya nyumba. Kilicho kizito kweli ni mgongano wa maslahi. Katika kisiwa kidogo, wakili aliyelipwa na kampuni ya mwani mwaka jana hawezi kuwaandikia wakulima mwaka huu bila kusema, na kila mtu atamjua.

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayefanya kazi na Fundo, wakati wa kuzungumza mkataba wa mwani ni kabla kamba hazijashushwa, na wa boti ni kabla saini ya mkopo haijatiwa. Hati ilipiwe ushuru wa stempu, kwani isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi. Nakala ziwe tatu: moja ya mnunuzi, moja ya kikundi, na moja ikae kwa sheha.